Mfiwa wa Kwenye Runinga

Nywele bandia zikichomwa ncha hutoa harufu ya plastiki na sukari iliyoungua, na chini yake kuna mafuta ya nazi. Harufu hiyo ikinipata popote, hata leo ndani ya basi, narudi Barking, mashariki mwa London, sebuleni kwetu, Jumamosi jioni. Nimekaa sakafuni katikati ya magoti ya Anti Felista, naye ananivuta kichwa kama mtu anayeng'oa magugu. Anti Felista hakuwa ndugu wa damu. Alisoma na mama kule Busia, wakapotezana, wakaja kukutana tena London, wote wawili wakifanya kazi ya kutunza wazee. Jumamosi yeye alisuka, mama alipika, na runinga ilizungumza peke yake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nina miaka kumi na mitano, na kiangazi kile kila mtu alitazama kipindi kimoja: watu wasiojuana wamefungiwa katika nyumba moja, kamera kila kona, na sisi huku nje tunapiga simu kumtoa mmoja baada ya mwingine.

Miongoni mwao alikuwamo mwanamke aliyeitwa Dee. Kichwa kilikuwa kimenyolewa kabisa, hakuwa na hereni wala rangi ya mdomo, na shati lake la bluu alilivaa siku nenda siku rudi. Mama alimwona mara ya kwanza akiwa na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mwa jikoni. "Maskini," akasema, "huyu amefiwa." Anti Felista akaacha kusuka. Akamtazama vizuri, akakubali. "Tena msiba bado mbichi. Ona, hata hereni kavua." Huko walikotoka, mwanamke aliyenyoa kichwa namna ile alikuwa na kaburi jipya nyumbani, na hapakuwa na haja ya kumuuliza. Basi wakamvalisha ujane. Dee akiosha vyombo peke yake wenzake wakicheza muziki, walisema mfiwa hapendi kelele. Dee akitazama ukuta wa bustani, walisema anamkumbuka mume wake. Kijana mmoja mle ndani alipomcheka kichwa chake, mama alizima jiko, akachukua simu, akapiga kura kijana yule atolewe. "Anamcheka mjane! Hana mama huyo?" Na Jumapili, kwenye sala ya chakula, baada ya kuwataja bibi, wajomba na wagonjwa wote wa kazini, aliongeza: "Na Dee, Baba, umfariji."

Mimi nilikuwa najua. Wao waliongea mpaka sauti ya runinga ikafunikwa, tena Dee alitoka kaskazini mwa Uingereza na Kiingereza chake kilikimbia, lakini masikio yangu yalikuwa yamekulia hapa. Tangu wiki ya kwanza nilimsikia akisema kwamba nyumbani amemwacha mpenzi wake, mwanamke. Nilinyamaza. Kunyamaza hakukunipa shida, maana nilikuwa mtoto wa kuandika kwenye daftari kuliko kusema, na hata mama akiniuliza kwa Kiswahili kama nimeshiba nilimjibu kwa Kiingereza, neno moja. Ila safari hii ukimya wangu ulikuwa na sababu. Shuleni kulikuwa na msichana aliyeitwa Shanice, tuliyekaa naye meza moja kwenye somo la kemia. Akicheka, nilisahau swali lilikuwa nini. Nilikuwa bado sina jina la jambo hilo, lakini nilitaka sana kujua kama watu wa nyumbani kwangu wangeweza kumpenda mtu kama Dee. Kila Jumapili jina lake lilipotajwa mezani, nilihisi kama kuna mtu amenisogezea kiti.

Kwa hiyo nilikitazama kipindi kile kama mwanafunzi. Niligundua kwamba kila Dee alipotokea, picha ilianzia kwenye mabuti yake. Akibeba meza, tulionyeshwa meza yote mpaka ifike. Akigombana na mtu kwa dakika moja, ugomvi ulirudiwa wiki nzima. Akimtazama msichana yeyote mrembo, hata kama alikuwa anamwomba chumvi, muziki ulibadilika. Kulikuwa na mwingine mle ndani, mwenye nywele ndefu za dhahabu, aliyewabusu wanawake wenzake ili wanaume wapige makofi, na huyo alihesabiwa kuwa anacheza tu. Basi nikabaki nimechanganyikiwa. Nywele zangu zilifika kiunoni, nilipenda sketi, na mfuko wa viazi ulinishinda kuubeba kutoka dukani. Kama wanawake wa namna ile ndio hao wawili tu, wa mabuti na wa makofi, mimi nilikuwa nani? Usiku nilijiambia labda mimi si mmoja wao. Asubuhi Shanice alinipisha nikae, nikajua kwamba runinga haijui kila kitu.

Siku ya wao kujua ilifika. Walileta jamaa za washiriki studioni, na pale kwenye kochi akaketi mwanamke mnene mwenye miwani, akipunga mkono, na chini ya picha yake yakatokea maandishi makubwa: mpenzi wa Dee. Kitana kilisimama kichwani mwangu. Tangazo la sabuni likaanza.

"Kumbe!" Anti Felista akasema. "Kumbe msagaji! Na mimi nilimlilia! Lakini wanajulikana hawa. Angalia viatu. Ukimwona mwanamke anabeba meza peke yake, ujue."

"Felista," mama akamjibu toka jikoni, "mimi nabeba wazee kila siku."

"Wewe unalipwa, dada. Zima hiyo kitu, kuna mtoto hapa."

Sikugeuza kichwa, na nisingeweza, kwa vile alivyonishika. Nilimsikiliza mama tu. Nilisikia mwiko ukizunguka sufuriani, ukasimama, ukazunguka tena. Kisha akasema polepole, kama anayejisemea: "Mimi nilishamwombea. Siwezi kwenda kumwambia Mungu anirudishie maombi yangu."

Jumapili iliyofuata hakumtaja. Nilisubiri kichwa kimeinama, bibi akapita, wajomba wakapita, tukafika amina. Lakini runinga haikuzimwa, na Dee alipotolewa mama aliguna kwa huzuni. Niliishi miaka mingi kwa mguno ule. Nimeufikiria sana: walipokosea, walimwona akiosha vyombo na akitazama ukuta; walipopewa ukweli, Anti Felista hakuona tena ila viatu.

Sasa nina miaka thelathini na kitu, na naishi Kilburn, huku huku London, na mpenzi wangu Miriam. Ukifungua runinga siku hizi utawakuta wanawake kama sisi kwenye mashindano ya keki na ya kutafuta wachumba, wengine wana kope ndefu kuliko za mtangazaji, na bado wako ambao picha yao huanzia kwenye viatu. Nilipomwambia mama, alinitazama kichwani kabla ya kunitazama usoni. "Lakini wewe una nywele," akasema. Nikacheka, yeye hakucheka. Baada ya hapo, kwa majuma, simu zangu alizijibu kwa neno moja, kama nilivyokuwa namjibu zamani. Halafu Jumapili moja akapiga yeye. Nyuma yake nilisikia sahani zikipangwa mezani na sauti ya Anti Felista akiuliza chumvi iko wapi.

"Chakula kinapoa," mama akasema. "Nitajie jina la huyo mtu wako. Siwezi kumwombea mtu asiye na jina."

Nikalitaja, kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho.