Mama wa Nyuma ya Goli

Aibu hii ningeinyamazia hadi kaburini kama isingekuwa imetangazwa redioni, moja kwa moja, na aliyeitangaza ni mimi mwenyewe. Kwa hiyo sina pa kuificha. Korogwe wameisikia, Handeni wameisikia, na wasioisikia wamesimuliwa, na kila anayesimulia ananiongezea kitu (juzi nimeambiwa nilikuwa nimeshika mkia wa nyumbu, jambo ambalo si kweli, ulikuwa mwavuli). Bora niseme mwenyewe yaishe.

Mimi ni mwandishi wa habari za michezo katika redio ndogo ya jamii pale Korogwe. Ni mwanamke wa makamo, mwili upo, nina shahada ya fasihi ambayo nyumbani kwetu Magoma mpaka leo wanauliza ni ya kutibu nini. Kwa miaka mingi kazi yangu ya michezo ilikuwa kusoma matokeo nikiwa studio, nani kafunga nani, basi, kutangaza mechi uwanjani ilikuwa ya wanaume. Bosi wetu, Mzee Kiondo, aliwahi kuniambia kwamba mwanamke akitangaza mpira, msikilizaji atadhani kipindi cha mapishi kimepitiliza muda wake. Hakusema kwa ubaya, ndivyo anavyofikiri. Nikamng'ang'ania, nikamwonyesha kwamba naijua sheria ya kuotea kuliko yeye, nikamfuata hadi kwenye chai yake, mwishowe akachoka.

"Mwajabu, nakupa mechi moja," akasema. "Ikiharibika, mpira unarudi kwa Rama, na wewe unarudi kwenye Malezi Bora. Tusilaumiane."

Rama ni kijana wetu wa studio. Malezi Bora ni kipindi cha kuachisha watoto kunyonya. Sina neno na watoto, lakini nilikuwa nimekitangaza hadi nikaanza kuota ninaachishwa mimi.

Mechi yenyewe ilikuwa fainali ya kombe la ng'ombe kule Kwedizinga, wilaya ya Handeni, na ng'ombe mwenyewe alikuwa amefungwa pembeni ya uwanja akiwatazama wachezaji kwa dharau. Wenyeji walikuwa wanacheza na vijana wa Ngombezi, wale wa mashamba ya mkonge ya kwetu Korogwe, ambao kapteni wao anaitwa Brashi kwa sababu kiwandani anafanya kazi kwenye mashine ya kusugua nyuzi za mkonge. Bodaboda yangu ilipata pancha njiani, nikafika timu zimeshajipanga, sikupata hata nafasi ya kujitambulisha kwa mwamuzi. Halafu nikagundua kwamba uwanja mzima hauna mtandao isipokuwa mahali pamoja tu, juu ya kichuguu kilichoko nyuma kabisa ya goli la upande wa barabarani. Nikapanda kichuguu.

Sasa hapa ndipo ulipo uamuzi wenyewe, na naomba muupime kwa huruma. Jua lilikuwa kali, vumbi tele, mkono mmoja una mwavuli, na mkono wa pili nauhitaji kwa sababu mimi bila mkono maneno hayatoki. Nikafanya kile ambacho wanawake wa kwetu wote wanafanya wakiwa na mzigo: nikaichomeka simu ninayotangazia ndani ya kitambaa cha kichwa, sikioni, nikakikaza. Kitambaa kilikuwa chekundu. Sikufanya lingine lolote.

Lakini jiwekeni upande wa watazamaji. Mnamwona mama asiyejulikana, amefunga kitambaa chekundu, amesimama juu ya kichuguu nyuma ya goli, simu haionekani, midomo inakwenda bila kupumzika, na mkono mmoja unachora hewani kuelekea langoni. (Redio yetu kule haishiki vizuri, na mtu aliyeko uwanjani asikilize mpira wa nini?)

Kipindi cha kwanza goli lile lilikuwa la Kwedizinga, na Ngombezi walishambulia kama nyuki. Brashi akapiga shuti, likagonga mwamba. Akapiga kichwa, golikipa akiwa ameshalala upande mwingine, mpira ukamgonga kisigino ukatoka nje. Mara ya tatu golikipa hayupo kabisa, goli tupu, Brashi akautuliza, akausukuma taratibu, na mbuzi akavuka mstari wa goli wakati huohuo, mpira ukampiga mbuzi ubavuni ukarudi uwanjani. Mimi nilikuwa na raha isiyo kifani, sauti imefunguka, namwambia msikilizaji kwamba haya hajapata kuyasikia tangu azaliwe. Nikaona Brashi amesimama ananikazia macho. Nikajua amevutiwa na utangazaji wangu, nikampungia mkono. (Baadaye nilielezwa kwamba kupunga kule ndiko kulikokamilisha ushahidi.)

"Yule mama ananuizia goli!" mtu akapiga kelele.

"Ni kamati yao ya ufundi hiyo!" (Wafuatiliaji wa mpira wanajua kwamba kamati hiyo kwa kawaida haishughuliki na ufundi.)

Wachezaji wa Ngombezi wakaketi chini. Na mimi, kwa weledi wote, nikaendelea: "Msikilizaji, mpira umesimama, Ngombezi wanadai kuna mama nyuma ya goli anayefanya mambo ya kishirikina, ni aibu kubwa kwa soka letu, na mwamuzi sasa anakuja huku kumwondoa..." Nikageuka nimtazame huyo mama. Nyuma yangu palikuwa na minyaa tu. Nikageuka tena mbele, uwanja mzima unaniangalia.

"Duh! Dada Mwajabu," Rama akaniuliza kutoka studio, "huyo maza yukoje?"

Hapo ningesema ni mimi. Maneno mawili tu. Lakini nikaiona Malezi Bora inanikaribia na chuchu zake za plastiki, nikamwona Mzee Kiondo anatikisa kichwa, nikasema, "Ni mama wa makamo, Rama."

"Mnene?"

"Wastani." (Hata penye hatari mtu ana haki ya kujitetea.)

Chuoni nilifundishwa mwaka mzima habari za msimulizi wa nafsi ya tatu, anayeona yote na hahusiki na chochote. Sikujua kwamba siku moja nitajificha ndani yake.

Mwamuzi akafika. Alikuwa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, na kila mtu alimwita Mwalimu. Hata kama anamshuku mtu uchawi, adabu alikuwa nayo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Marahaba ya nani, dada?" Rama akadakia.

"Mwamuzi ananiamkia, Rama. Ni mtu mwenye heshima zake."

"Mama, unazungumza na nani?" Mwalimu akauliza.

Nikimjibu, wilaya mbili zitasikia. Nikikata simu, matangazo yamekufa, na mechi yangu moja imekwisha. Nikaonyesha sikio langu kwa kidole, nikidhani ataelewa. Watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja. "Anatuonyesha masikio! Anataka kutuziba masikio!"

Brashi akasogea, jasho linamtiririka. "Mwalimu, huyu atoke, la sivyo tunapanda lori letu tunaondoka."

"Hatumjui sisi!" akajibu mzee mmoja wa Kwedizinga kwa uchungu. "Huyu si wetu! Angekuwa wetu tungemweka mahali pasipoonekana!"

Mwalimu akaangalia saa, akapuliza filimbi ya mapumziko. Niliamini nimepona. Kumbe timu zikibadilishana magoli, kichuguu hakibadilishwi. Sasa goli langu likawa la Ngombezi, na Kwedizinga, waliokuwa hawanijui, wakataka niondoke mara moja, na Ngombezi, waliotaka niondoke, wakaapa siendi popote.

"Kipindi cha kwanza ametufunga sisi miguu," akasema Brashi, "kipindi cha pili awafunge wao. Haki sawa."

Mwalimu akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyonimaliza. "Mama abaki," akatoa hukumu, "na aendelee kufanya vilevile alivyokuwa anafanya."

Basi nikatangaza kipindi cha pili nikiwa kifaa cha mchezo. Nikinyamaza nimeze mate, Ngombezi wanalalamika: "Mbona amenyamaza? Kwetu alikuwa hanyamazi!" Nikishusha mkono, wanalalamika. Nilipoinama kunywa maji Mwalimu alikuja mbio, akatoa kadi ya njano, akaninyooshea.

"Na yule mama anapewa kadi ya njano, msikilizaji," nikasema, kwa sababu ningefanyaje.

Studio simu zilikuwa zinamiminika. Mmoja wa Mombo akasema mama kama huyo anyang'anywe hirizi zake. Mwingine akasema wanawake hawa ndio wanaorudisha nyuma wanawake wenzao kama dada Mwajabu, ambaye anajitahidi sana. Nikamshukuru kwa niaba ya wote wawili.

Ilipobaki muda kidogo, bado hawajafungana, Kwedizinga wakapata penalti kwenye goli langu. Straika wao akauweka mpira, akarudi nyuma, akaniangalia, akauacha mpira palepale na kwenda kuketi. Hapigi. Mama akiwepo hapigi. Ngombezi wakasema mama akiondoka wao wanaondoka. Uwanja ukasimama, na sikioni nikasikia sauti nzito. Mzee Kiondo mwenyewe ameingia studio.

"Mwajabu, hongera, mji mzima unasikiliza. Sasa nafasi ndiyo hiyo. Mpe simu huyo mama, umhoji."

"Mzee, nadhani hapendi kuzungumza."

"Mwandishi wa habari haambiwi hapendi. Mhoji!"

Nikamhoji. Nikageuza uso kulia nikawa Mwajabu, nikageuza kushoto nikawa bibi, na kwa bibi, ingawa nilishasema ni wa makamo, nikatumia sauti pekee ya kikongwe niliyoijua, ile ya marehemu bibi yangu, yenye mkwaruzo na mafua.

"Bibi, shikamoo. Wanasema unauroga mpira."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mie? Mie nimekuja kutafuta mbuzi wangu."

"Na mchezo umeuonaje?"

"Nimeuona. Yule kijana wa mkonge anapiga mpira kama anafukuza nyani shambani. Kiungo wao amelala. Na beki wa kushoto arudishwe kwao."

(Ulikuwa uchambuzi mzuri, ninasimama nao mpaka leo.)

Lakini uwanjani hakuna aliyesikia uchambuzi. Walichoona ni mama anageuka huku ana sauti hii, anageuka huku ana sauti ile. "Amepandisha!" mtu akalia. "Mashetani yake yamepanda!" Watu wakatawanyika, mshika kibendera akatupa kibendera, na golikipa wa Ngombezi, ambaye masikini ndiye aliyekuwa karibu nami kuliko wote, akaruka pembeni ya mlingoti wa goli sijui vipi, akapotea kwenye mahindi. Mwalimu kwa kushtuka akapuliza filimbi. Straika akainuka, akatazama kulia, akatazama kushoto, akausukuma mpira kwa upande wa mguu kwenye goli lisilo na mtu.

Na mimi, niliyesubiri maisha yangu yote kutangaza bao, nikalitangaza kwa pumzi yote niliyokuwa nayo: "Gooooooli!" Tatizo ni kwamba bado nilikuwa nimegeukia kushoto. Bao lilitangazwa na bibi.

Halafu Rama, taratibu: "Tuna simu kutoka Magoma. Haloo, nani mwenzetu?"

"Mie ni mama yake huyo."

"Mama yake nani, mama? Mtangazaji au mganga?"

"Wote wawili," akasema mama yangu mzazi. "Hapo hakuna bibi. Hiyo sauti ni ya marehemu mkwe wangu, na anayeijua kuiiga ni Mwajabu peke yake, nilimchapa kwa hilo tangu mdogo. Mwajabu! Shuka huko ulikopanda!"

Nikapiga yowe, "Mama!" nikachomoa simu kutoka kwenye kitambaa, nikabaki nimeishika mkononi, na uwanja mzima ukaiona. Wakacheka wote, Handeni na Korogwe pamoja, hata golikipa alirudi kutoka kwenye mahindi akauliza kuna nini naye akacheka, mpaka alipoambiwa ubao unasomaje.

Bao halikufutwa, kwa sababu Mwalimu alisema hakuna sheria inayomzuia golikipa kuondoka kwa hiari yake. Ng'ombe akabaki Kwedizinga. Brashi alinijia nikiwa nimeketi chini ya kichuguu.

"Dada, si ungesema tu wewe ni mtangazaji?"

"Ningesemaje? Nilikuwa hewani."

"Sasa hewani si ndiko kwa kusemea?"

Nina shahada, nawakumbusha, na nilichofanya ni kukunja mwavuli.

Siku niliyorudi kazini nilikwenda nimeshajipanga kwa Malezi Bora, nimebeba hata somo la uji wa lishe. Mzee Kiondo akanifungia mlango. Akasema timu moja imepiga simu, ina mechi Jumamosi, na inataka nikatangaze mimi, wamenitaja kwa jina, Rama hawamtaki. Moyo ukanijaa. Nikamuuliza kama walipenda uchambuzi wangu wa kiungo.

"Hawakuutaja," akasema. "Wanauliza utakaa goli lipi."

Nikamwomba awajibu kwamba nitakaa mstari wa kati, na magoli yote mawili nitayatazama kwa usawa. Akawajibu, wakaghairi mwaliko. Mzee Kiondo akaitazama simu yake, akanitazama mimi, akasema kuwa tangazo la mechi lilishasomwa asubuhi, kwa hiyo nitakwenda tu, wapende wasipende.

Nilikwenda. Na tangu hapo nimejiwekea kiapo ambacho sitakivunja hata mtandao uwe juu ya mnazi: simu mkononi, mahali pa wazi, na kabla ya vikosi, kabla ya hali ya hewa, kabla ya kitu chochote kile, nasema hivi: "Msikilizaji, anayekutangazia ni mwanamke, amesimama mstari wa kati, na jina lake ni Mwajabu." Ndipo napumua, mpira unaanza.