Mtani Aliyekimbia na Mbuzi

Mjomba Masolwa alinunua tumbaku kwa niaba ya chama cha ushirika, na kwa ajili ya safari hizo za kubeba fedha alikuwa na bastola yenye leseni. Mwaka 1974, siku chache baada ya kumzika mkewe Bertila, alirudi kutoka makaburini akamkuta mtu aliyejifunika kanga za marehemu akimtoa mbuzi uani. Alipompigia kelele asimame, yule mtu alikimbia huku akicheka. Mjomba akafyatua risasi, ikampata mgongoni, akafa.

Alikuwa Pazi, Mzaramo mfanyakazi wa reli, mtani wetu tangu enzi za wapagazi wa kabila letu waliopita kwao wakielekea pwani. Msibani mtani hufanya mzaha, huchukua anachotaka akakimbia nacho, na wafiwa hukikomboa kwa fedha kidogo. Mjomba aliijua desturi hiyo kuliko sisi sote.

Nilikwenda kumwona mahabusu.

"Mwanangu, wewe umesoma sheria. Waambie nilikuwa najilinda."

"Alishika silaha, mjomba?"

"Alishika kamba ya mbuzi."

"Alikujia?"

"Alinipa mgongo."

Nilimweleza kwamba mwenye leseni anaruhusiwa kufyatua pale tu uhai wake au wa mwingine uko hatarini na hana njia nyingine. Mbuzi hahesabiwi, wala anayekimbia si tishio.

"Na huzuni je?"

Nikaandika neno hilo daftarini.

"Nilidhani ananicheka mimi," alisema. "Bertila yuko kaburini, na mtu ananicheka."

Askari akasema muda umekwisha. Mjomba alinyanyuka mwenyewe, akanyoosha mikono ifungwe pingu.