Kupimia Kilichohama

Wiki ile baba yangu aligombana na jirani, na mimi nikagombana na Jua.

Nilikuwa nyumbani Old Moshi, namalizia shahada ya uzamivu kwa mtandao. Kazi yangu ni kupima mwendo wa plazma, ile gesi yenye moto mkali kwenye korona, tabaka la juu kabisa la Jua. Chombo kilichoko angani hupokea mwanga wa urujuanimno na kuuchambua kuwa mistari. Plazma ikija upande wetu, mstari unasogea kidogo kushoto. Ikituacha, unasogea kulia. Mwaka mzima nilipima hicho kidogo, nikapata plazma inayopanda kwa kasi ya ajabu. Msimamizi wangu alifurahi hadi akapanga kuitangaza Ijumaa mbele ya wenzake.

Jumatano asubuhi nikagundua inapanda kila mahali, hata sehemu za Jua zilizotulia ambako haikupaswa kwenda popote. Nilirudia hesabu mara nne. Nilitamani kuitupa kompyuta kwenye mfereji.

Na huko nje baba hanyamazi. Alikuwa na futi kamba, anapima kihamba chetu, shamba la kuzunguka nyumba, migomba na kahawa yote, kuanzia kwenye masale yaliyopandwa mpakani.

"Amekula hatua mbili," alimwambia mama kwa mara ya kumi. "Nimemwita mwizi mbele ya watu, na sijuti."

Mama alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Hakuinua hata kichwa. "Mzee, hayo masale yaling'olewa walipochimba bomba la maji. Niliyarudishia mimi, kwa kukadiria tu. Unapimia kitu kilichohama."

Nikaiacha chai, nikarudi kwenye kompyuta. Chombo changu kinapata joto, kinapoa, kinatanuka, kinasinyaa, na alama ya sifuri, pale mstari unapokaa plazma ikiwa haiendi popote, inasogea nacho. Mimi nilikuwa nimeiweka alama hiyo siku moja tu, nikaiamini mwaka mzima. Nilipoirekebisha kwa kila saa, plazma yangu ikatulia tuli. Kumbe nilichokuwa napima ni joto la chombo.

Nilitoka nikawaambia. Nilikuwa na hasira na chombo, na bomba, na baba, na zaidi na mama, aliyepata jibu bila hata kuweka panga chini.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la masale, naye hawezi kukukatalia msamaha. Baba alikata mawili. Moja akaliweka juu ya kompyuta yangu.

"Mpelekee mwalimu wako."

"Baba, yuko Ulaya."

"Hiyo sasa ni shida yako."

Akaondoka na la kwake, ananung'unika njia nzima. Saa saba mchana alikuwa amesharudi, amesamehewa, ananukia mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi nilikuwa bado natazama barua yenye maneno mawili: "Mpendwa Profesa."