Kasiksi Haifungwi Kizibo

"Ni weye ulizitikisa, Gérard. Miaka sita zimelala salama. Weye unagusa kitanda mara moja, zinapasuka."

Papa Edouard alikuwa amepiga magoti kando ya shimo alilochimba chini ya kitanda, nyumbani kwake Cimpunda, akiokota vioo. Zilikuwa chupa nne za bia kali ya Ubelgiji, za kizibo na waya. Aliachiwa na patron wake, Muzungu mwenye duka, mwaka ule maduka ya wazungu yalipopewa Wazaïrois. Muzungu alimwambia: zifiche gizani, kwenye baridi, kila mwaka zitazidi utamu. Edouard akazitunza kuliko mayai. Gérard, jirani yake, ndiye aliyebeba kisanduku kichwani toka Muhumba, mtaa wa wazungu, hadi huku mulimani, na ahadi ilikuwa chupa moja. Kila Noeli aliidai, kila Noeli aliambiwa, "Bado haijaiva, citoyen."

Sasa moja ilikuwa imepasuka na kuvunja mbili zilizoigusa.

"Niliinua kitanda tu, nitengeneze muguu," Gérard alisema polepole. "Na weye mwenyewe uliniomba."

"Basi chupa yako ndiyo hiyo chini. Ramba."

Bibiane, mke wa Edouard, alisimama mlangoni. Harufu iliyotoka shimoni aliijua. Mwanaume asiyetambua harufu ya ndizi kwenye udongo wa nyumba yake, pua yake ni ya kupumulia tu. Wiki iliyopita, Edouard akiwa safari ya kazi Shabunda, yeye alifungua chupa moja. Kiu hakuwa nayo. Alitaka kujua ni kitu gani kinafunikwa blanketi katika nyumba ambayo bibi anajifunika kitenge. Akainywa yote, ikamshuka hadi magotini. Kisha akajaza kasiksi, pombe ya ndizi ya mama yake, akagonga kizibo, akakaza waya. Yeye, binti wa mupika kasiksi wa Kavumu! Hata mutoto wa kunyonya anajua kasiksi haizibwi: ingali inachemka, shingoni unatia jani la mugomba ipumue. Woga ulimsahaulisha.

Gérard alishavaa kofia. Alikuwa anaondoka na kosa lisilo lake, na Bibiane aliona kwamba akishafika barabarani hatarudi kwao hata kwa matanga.

"Papa Gérard, ngoja kwanza. Edouard, nusa."

"Ninuse nini?"

"Udongo. Hiyo iko kasiksi ya mama. Ile yako niliikunywa miye."

Edouard akainama, akanusa. Akanusa tena. Akaketi palepale kwenye pombe iliyomwagika, na suruali yake ya kazi.

"Yote?"

"Yote."

"Ilikuwa namna gani?"

"Kama sukari iliyoungua. Ilikuwa imeiva, Edouard. Imeiva zamani."

Edouard hakumtazama mtu. Alichukua chupa iliyobaki, akaifuta kwa shati, akampa Gérard kwa mikono miwili.

Gérard akaketi kizingitini, akafungua waya bila haraka, akanywa peke yake mpaka mwisho. Hawakumwomba hata tone.