Bi Hija Ahamia Nyumbani Kwake

Bi Hija hajahama tangu mumewe, marehemu Twaha, alipomleta hapa pembezoni mwa Temeke miaka thelathini na moja iliyopita. Walipopata nafuu kidogo wakatoa kipande cha kiwanja chao kijengwe chekechea. Sasa jimbo limegawanywa, kata nayo imekatwa, na mpaka mpya umefuata mtaro unaopita mbele ya mlango wake. Mtaro wenyewe hata maji hauna.

Asingejali. Ila bintiye, Munira, kapata kazi ya uuguzi, na anatakiwa kupeleka barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa kabla ya Ijumaa. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine.

Jumatano mimi, jirani yake, nilimsindikiza ofisi yetu ya siku zote. Didas, mtendaji wa mtaa, hakufungua hata daftari. "Shikamoo mama. Nyie sio wa kwetu tena, nendeni ng'ambo ya mtaro."

Ofisi mpya wameiweka kwenye kile kile chumba cha chekechea. Mtendaji wa huko, Benedicta, alipekua daftari lake mara mbili. "Jina halimo. Umehamia lini? Lete barua ya kuhama."

"Sijahama mie!"

"Basi siwezi kukuandika, mama."

Tukarudi kwa Didas. "Nitaandikaje umehama," akasema, "na godoro lako nimeliona asubuhi limeanikwa pale pale?"

Mimi nilitaka kulia kwa hasira. Bi Hija yeye alikwenda kuita guta. Alhamisi asubuhi tulipakia kitanda, godoro, kabati la vyombo na jiko la mkaa, tukapita taratibu mbele ya ofisi ya Didas, mjumbe wetu mzee Nurdin akitangulia kama shahidi. Didas alitoka, akatazama, akaandika barua na kugonga muhuri bila kuuliza tunaelekea wapi. Tukazunguka msikiti, tukakirudisha kitanda chumbani kilikotoka. Upuuzi mtupu, na guta tumelikodi!

Safari hii Benedicta alitabasamu. Barua ya Munira ilitoka kwa dakika tano. Kisha akainuka, akampa Bi Hija mkono, amesimama juu ya sakafu ambayo Hija na Twaha waliimwaga wenyewe kwa ndoo.

"Karibu sana mtaani kwetu, mama. Ugeni tu huo, utapazoea."

"Nitajitahidi," akasema Bi Hija.