Kompyuta ya Vitufe Vinne

Bibi Kunigunda aliletwa Mbinga na gari la samaki kutoka Lituhi, mwezi wa sita mwaka 2004, wakati baridi imekaza na ukungu hauinuki mpaka saa nne asubuhi. Miguu ilikuwa imemkataa, na binti yake Ottilia alikuwa amekwisha sema hataki tena kusikia kwamba mama yake amelala bila mtu wa kumtekea maji. Bibi alishuka na unga wa muhogo gunia moja, ndoo ya usipa, dagaa wakavu wa ziwani, na kikapu chenye kaseti saba zilizofungwa ndani ya khanga mbili.

Kaseti zile zilikuwa za kioda, ngoma ya wanawake wa ziwani. Kwa miaka ishirini na kitu Bibi Kunigunda alikuwa kiongozi wa kikundi cha wanawake waliocheza kioda pwani yote ya ziwa, kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay, na kila walipokwenda kushindana alihakikisha kuna mtu mwenye redio ya kurekodi. Sauti ya mbele kwenye nyimbo zote ilikuwa yake.

Sasa alikaa jikoni kwa Ottilia, karibu na moto, shuka begani, akisikiliza kaseti moja baada ya nyingine. Wiki ya tatu redio ikatafuna utepe. Bernadi, mume wa Ottilia, aliuvuta polepole kwa ncha ya kalamu, akauzungusha ukarudi ndani, lakini wimbo ulipopigwa tena uliyumba kama mtu aliyekunywa komoni tangu asubuhi. Bibi alizima redio, akazifunga kaseti zake kwenye khanga, akazirudisha kikapuni. Siku nne zikapita nyumba ile haina muziki, na ugali wa Bibi ukawa unabaki nusu sahani.

Ottilia aliiona ile sahani, ikamkaa moyoni.

Yeye alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mfupi, mwenye miwani aliyoifunga kwa uzi. Soko la kahawa lilipofunguliwa na kampuni za watu binafsi zikaanza kupanda mpaka Mbinga kununua, mojawapo ilimwajiri akawa karani wa kompyuta. Alifanya kazi hiyo miaka saba. Bei ilipoporomoka kampuni ikafunga ghala ikaondoka, na meneja akamwachia kompyuta moja kuukuu ambayo hakuona maana ya kuibeba. Kwa kompyuta hiyo Ottilia alifungua chumba cha kuchapa karibu na soko: barua za maombi, mihtasari ya vikao, kadi za michango ya harusi. Baadaye alipata nyingine nzuri zaidi, na ile kuukuu ikawekwa chini ya meza, imefunikwa gunia la kahawa.

Jioni moja alilitoa lile gunia, akaipangusa vumbi.

"Mama Florian, unataka kuiuza?" Bernadi alimwuliza.

"Nataka iimbe."

Kuimba kwenyewe hakukuwa rahisi. Kunakili kaseti kuliwezekana: alichomeka waya kutoka tundu la spika ya masikioni ya redio hadi kwenye kompyuta yake mpya, akazipiga kaseti sita nzima, na ile ya saba, iliyotafunwa, akaokoa upande mmoja. Lakini alipoziweka nyimbo kwenye kompyuta kuukuu, mashine ilichukua dakika tano kuwaka, ikaonyesha madirisha na picha ambazo hakuna aliyeziomba, na wimbo ulipoanza ukawa unakatikakatika, kwa sababu nguvu yote ilikuwa imekwisha kuliwa na hayo mapambo.

Ndipo akamkumbuka Mwalimu Nazari, aliyefundisha fizikia shule ya Kigonsera na kila mwisho wa mwezi alikuja kuchapisha mitihani yake chumbani pale. Mwalimu huyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao uliitwa Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuujenga upya.

"Mama Florian," alisema Nazari alipoelezwa, huku akivuta kiti kana kwamba ameitwa mezani, "mashine hiyo haijachoka. Imebebeshwa mizigo ya watu wengine. Wewe unataka ifanye kazi moja. Basi tujenge mfumo wa kazi moja."

"Tujenge? Mimi ni karani, Mwalimu."

"Na huu mfumo ni mafaili tu. Makarani ndio wanaojua faili lipi linahitajika na lipi linajaza kabati."

Alimwachia CD mbili na daftari lililojaa mwandiko wake. Ottilia alisoma kwa kamusi ya Kiingereza pembeni, mchana, kati ya mteja na mteja. Polepole akaanza kuelewa. Katikati ya mfumo kuna kiini, programu ya kwanza kabisa inayozungumza na vyuma. Mtu anaweza kukijenga kiini chake mwenyewe, akichagua kipengele kimoja kimoja: hiki nakitaka, hiki sikitaki. Orodha ilikuwa ndefu kuliko litania. Mtandao, hapana. Kipanya, hapana. Printa, hapana. Kibodi, ndiyo. Diski ngumu, ndiyo. Kadi ya sauti, ndiyo. Kila alipoandika hapana alijisikia vizuri, kama mtu anayetoa nje vitu chakavu siku ya usafi.

Baada ya kuchagua, kompyuta yenyewe hukijenga kiini, na ile kuukuu ilihitaji saa sita. Ottilia aliita kazi hiyo kupika. Siku ya kwanza umeme ulikatika kiini kikiwa nusu, akadhani kazi yote imemwagika, akaenda nyumbani amenuna. Asubuhi aliporudi na kutoa amri ileile, mashine iliendelea pale ilipoishia. Alimsimulia Bernadi habari hiyo mara mbili wakati wa chakula, mpaka Bernadi akasema hata maharage ya nyumba ile hayajawahi kuwa na heshima kiasi hicho.

Kiini kikaiva. Juu yake aliweka vitu vichache sana: programu ndogo ya kusomea amri, programu ya kupiga nyimbo, na karatasi ya maagizo ya mistari kumi na miwili inayoiambia mashine ikiwaka ifanye nini. Alipojumlisha, mfumo wote ulitosha kwenye disketi mbili. Akaibeba kompyuta nyumbani kwa toroli, akaifunga spika, akaiwasha mbele ya mama na mume wake.

Mashine iliwaka ndani ya sekunde ishirini. Kwenye skrini yakatokea maandishi kwamba wimbo wa kwanza unapigwa, na dakika zikawa zinahesabiwa. Sauti haikutoka.

Ottilia aligusa nyaya, akabadili spika. Akazima, akawasha, na nyimbo zikawa zinapita mmoja baada ya mwingine kimyakimya. Kwa siku tatu alitafuta kosa. Alipika kiini upya mara mbili, akashuku kadi ya sauti, akashuku CD, mwisho akajishuku mwenyewe. Alifikiri: mwanamke wa mihtasari na kadi za harusi, nani alinituma kuingia kwenye kiini cha mashine?

Siku ya tatu, saa za alasiri, Bibi Kunigunda alikuwa akichambua mchele, akimtazama.

"Inapiga?" aliuliza.

"Inasema inapiga, Mama."

"Redio ya marehemu baba yako ilifanya hivyohivyo. Taa inawaka, mshale unatembea, kimya. Kumbe aliyeizima jana alirudisha kitufe cha sauti nyuma kabisa." Akapuliza makapi. "Hiyo yako kitufe cha sauti kiko wapi?"

"Haina ki..." Ottilia akafunua daftari la Nazari, akapitisha kidole ukurasa hadi ukurasa, akakuta mstari mmoja mdogo: kadi ya sauti huamka ikiwa imenyamazishwa, sauti sifuri, mpaka mtu aifungue kwa amri. Kwenye mifumo mikubwa kuna programu inayofanya hivyo bila mtu kujua. Yeye alikuwa ameandika hapana.

Aliongeza programu hiyo, na mstari wa kumi na tatu kwenye maagizo. Akawasha.

Jogoo aliwika kwanza. Alikuwa jogoo wa Ndumbi, kando ya ziwa, wa mwaka 1987, aliyerekodiwa bila kukusudia. Halafu ngoma ikaingia, halafu makofi, na juu yake ikapanda sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na saba, kali na safi, ikiita, na wanawake thelathini wakaitikia. Bibi Kunigunda aliweka ungo chini. Mabega yake yakaanza yenyewe. Miguu ilibaki palepale, lakini kuanzia kiunoni kwenda juu kioda kilikuwa kimefika Mbinga.

"Huyo anayechelewa kuitikia ni Devotha," alisema bila kufumbua macho. "Nilimwambia mpaka nikachoka."

Hapo ndipo Ottilia alipolia kidogo, akasingizia moshi.

Kazi haikuishia hapo. Bibi hakujua kusoma, na kibodi ilikuwa na vitufe zaidi ya mia. Bernadi, ambaye mbali na shamba la kahawa alikuwa fundi seremala mwenye mkono mtulivu, alitengeneza kisanduku cha mbao kilichoifunika kibodi yote na kuacha vitufe vinne tu. Juu ya kimoja alibandika punje ya kahawa: wimbo unaofuata. Juu ya cha pili punje ya hindi: wimbo uliopita. Haragwe lilipandisha sauti, na kifungo cha shati kiliishusha. Skrini ikaondolewa, maana haikuwa na wa kuisoma. Bibi alijifunza vitufe vyote kwa vidole muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai.

Ila jambo moja lilimshinda, au tuseme alilikataa.

"Mama, ukitaka kuizima usichomoe waya hivyo," Ottilia alimwelekeza kwa upole. "Unaniita, naiambia ijifunge kwanza. Ukichomoa ghafla diski ngumu inachanganyikiwa."

"Mwanangu, redio nikiizima imezimika. Sijawahi kuiaga redio."

Akaendelea kuchomoa. Na pale asipochomoa yeye, umeme wa mji ulikatika wenyewe. Baada ya wiki mbili mashine ikawa kila ikiwaka inajikagua dakika kumi kabla ya kuimba, na asubuhi moja ikagoma kabisa. Ottilia aliudhika, akafungua mdomo kumwambia mama yake neno. Akamwona amekaa na kidole juu ya punje ya kahawa, anasubiri kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi. Akaufunga mdomo.

Alipomweleza Nazari, mwalimu alicheka mpaka akavua kofia. "Bibi yuko sahihi. Kifaa cha nyumbani lazima kistahimili watu wa nyumbani. Usimbadilishe mama, badilisha mfumo."

Ikamchukua mwezi. Aliufunga mfumo wote kuwa furushi moja dogo ambalo mashine ikiwaka hulifungua ndani ya kumbukumbu yake ya muda, ile inayofutika umeme ukiondoka, na kila kitu kikaendeshwa humo. Diski ngumu ilibaki ya kusomwa tu, kama kitabu cha misa ambacho hakuna ruhusa ya kuandika pembeni. Sasa hata ichomolewe mara mia, hakuna kilichokuwa kikiandikwa, kwa hiyo hakuna cha kuharibika. Alimwita mama yake.

"Chomoa, Mama."

Bibi alichomoa. Ottilia akachomeka, na baada ya sekunde ishirini wimbo ukaanza. Wakarudia mara tisa, mara ya mwisho kwa sababu Bibi alikuwa anafurahia.

Hasara ilikuwa moja: mashine haikuweza kukumbuka ilipoishia, hivyo kila asubuhi ilianza na wimbo uleule. Bibi alilalamika kwamba hata padri hubadilisha wimbo wa kuingilia. Ottilia akaongeza mstari wa kumi na nne, mashine ikawa inachagua wimbo wa kuanzia yenyewe. Hili lilimpendeza Bibi kuliko yote. Alisema hujui leo nani atakuja kukuamkia.

Majirani walianza kuja mwezi wa tisa, baridi ilipolegea. Walikuwa wanawake wa Kimatengo, wenyeji wa Mbinga, wengi hawakujua Kinyasa wala hawakuwahi kuliona ziwa kwa karibu, ingawa lilikuwa safari ya siku moja tu. Walikuja Jumapili baada ya misa, mwanzoni kutazama kompyuta isiyo na kioo, halafu kusikiliza, halafu mmoja wao, Luisa, muuza vitumbua, akauliza miguu hukanyaga vipi kwenye wimbo wa tatu.

Bibi Kunigunda alimtazama kuanzia kichwani hadi chini. "Panga watu mstari," alisema.

Alifundisha akiwa amekaa kigodani, fimbo mkononi, kidole cha mkono wa pili kwenye punje ya hindi, kisha ya kahawa, kuurudisha wimbo mwanzo kila walipokosea. Walikosea mara nyingi. Ottilia aliwekwa mstari wa nyuma pamoja na wenye miguu mizito, na hakupata upendeleo wowote. Mumewe alitazama kutoka kwenye meza yake ya useremala, ambapo alikuwa ameanza kisanduku cha pili, kwa kuwa Mwalimu Nazari naye alitaka chake.

Kufika Noeli walikuwa wanawake kumi na mmoja wenye sare ya khanga za bluu. Siku ya pili ya sikukuu walipanda gari kwenda Lituhi, Bibi amekaa mbele na dereva. Wanawake wa ziwa waliwapokea kwa vigelegele na kicheko kidogo, wakawaangalia Wamatengo wakicheza kioda, na mzee Devotha, aliyekuwa bado hai na bado anachelewa kuitikia, akatoa hukumu kwamba mabega ni mazuri, miguu itakuja. Halafu akavua viatu, akaingia mstarini mwenyewe.