Nyangumi Mwenye Miguu

Mwalimu wetu wa biolojia aliongea polepole, na kila mara kabla ya kuchora aliipuliza chaki kana kwamba ni ya moto. Mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, naye alikuwa kati ya waliongoja treni kwenye stesheni ya Likasi. Hata hapo alitufundisha. Ubavuni mwa behewa alichora nyangumi wa kale mwenye miguu minne. Mifupa yake, alisema, ilichimbuliwa Pakistani, ikaonyesha kwamba mababu wa nyangumi walitembea nchi kavu, kisha miguu ikapungua kizazi baada ya kizazi majini.

“Monsieur, na weye utazobelea Kasai?” aliuliza Hadassa, mwanafunzi mwenzangu, akitaka kujua kama mwalimu atazoea maisha ya huko.

Mwalimu alikuwa amezaliwa Shituru, hapo hapo Likasi. Kasai hakuwahi kuiona.

“Batoto yangu batazobelea,” alijibu, akamalizia mkia.